Yowe la Saa Nane Mchana

Mimi sijui kutazama tamthilia kimya kimya. Wengine hukaa kwenye kiti wakafuata hadithi kama wanaosikiliza hotuba ya chifu. Mimi husimama. Humwonya bibi harusi asinywe hiyo chai, humtukana wifi anayechungulia mlangoni, na siku mama wa kambo alipochana wosia mbele ya hakimu, niliirushia televisheni ndara. Mama husema nitakufa kwa presha kwa ajili ya watu wasionijua.

Wiki ninayoikumbuka, mdogo wangu wa kiume alikuwa hajulikani alipo. Alitoka Isiolo na pikapu kupeleka unga na sukari Sericho, safari ya siku mbili kwenda na kurudi, ukibahatika. Siku ya tano ilikuwa imeingia na simu yake haipatikani. Tulisikia mvua imeshuka kule. Tukasikia pia kuna gari lililopigwa risasi njiani, lakini gari la nani, hakuna aliyejua. Mama aliacha kula. Akatoa amri kwamba televisheni isiwashwe nyumbani mpaka mtoto wake apige simu.

Nilitii siku mbili. Siku ya tatu mteja alikuja kuchukua dera lake, akaniambia kipindi cha jana kimetisha, kaka mtu amefunguliwa ghalani, akakataa kunisimulia kilichofuata, nijionee mwenyewe. Marudio ni saa nane mchana. Nilifunika cherehani, nikawadanganya wateja kwamba naenda kuswali, nikaingia nyumbani kwa mlango wa nyuma. Mama alikuwa kwa jirani, ng'ambo ya ua. Nilipunguza sauti mpaka nikawa nasoma midomo ya watu.

Naona haya, lakini nitasema ukweli: ilikuwa nafuu kumwogopea mtu ambaye, akifa, si wangu.

Kaka mtu alitoka ghalani akitabasamu. Dada yake akamkimbilia. Nyuma ya kaka, kwenye ngazi, niliuona mkono na bastola. "Geuka," nilinong'ona. "Geuka, mjinga wewe!" Hakugeuka. Alianguka kabla dada hajamfikia, na mimi nikashika kichwa kwa mikono miwili, nikapiga yowe lililotoka tumboni.

"Uuuwi! Wamemuua!"

Nikajiziba mdomo kwa leso. Nilisikiliza. Hakuna aliyekuja, basi nikaendelea kutazama, machozi yakinitiririka, mpaka dada mtu akamfunika kaka yake uso. Nikazima, nikanawa, nikatoka uani.

Mikeka ilikuwa imetandikwa. Wanawake kama kumi walikuwa wameketi, wengine wawili wakiwasha moto chini ya sufuria kubwa. Katikati alikuwa mama, ameshikwa mabega huku na huku, anaita jina la mdogo wangu. Walinitazama kwa huruma ambayo sijawahi kutazamwa nayo.

"Subiri, walaal, ndugu yangu," jirani akaniambia. "Ni ya Mungu."

Nilielewa kwamba habari imefika nikiwa ndani nalilia filamu. Kwetu kilio hakiulizwi. Ukikisikia unabeba mkeka na sukari yako, unaketi. Anayeuliza nani amekufa na amekufaje anaonekana hakulelewa. Basi sikuuliza. Nilianguka kwa mama, akanikumbatia, tukalia pamoja. Nililia kwa ajili ya kila neno baya nililomwambia mdogo wangu, na kwa ajili ya saa hiyo moja niliyoiiba.

Mjomba aliingia na wazee watatu kutoka msikitini. Yeye ilimbidi aulize, kwa sababu maiti haicheleweshwi kuzikwa. Alichuchumaa mbele yangu.

"Mtoto wangu, jikaze kidogo. Huyo mtu alikupigia, alisema wamemweka wapi? Sericho ama wameleta yeye Garba Tula?"

"Nani alinipigia?"

"Si wewe ulipata habari? Mama yako alisikia wewe ukilia."

Mama aliniachia. Nilitafuta uongo, nikaukosa.

"Ilikuwa televisheni," nikasema.

Nilitegemea mtu acheke. Ningelipa chochote mtu acheke. Mjomba aliinama akatazama vidole vyake. Mama alinishika kidevu, akanigeuza nimtazame.

"Kwa hivyo yuko hai?"

"Sijui, mama."

Hilo ndilo lililonichoma, kwamba hata kumpa hilo nilishindwa. Nilikuwa nimemzika mtoto wake na sikuwa na uwezo wa kumfufua. Wanawake hawakukunja mikeka. Chai ilimiminwa, ikapoa vikombeni. Adhana ya alasiri ikapita, wakaswali pale pale, wakarudi kuketi, na hakuna aliyenisemesha. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo langoni ilitugeuza shingo sote.

Simu yangu ililia jioni jua likiwa bado juu ya mabati. Namba ngeni. Mama aliinyakua kabla sijaigusa. Tulisikia sauti ya mwanamume, ya mbali, inakatikakatika: pikapu ilikwama lagani, kwenye mto mkavu, maji yakajaa, simu iliingia maji, hii ameazima.

Mama hakumwamini. Alikuwa amelia mchana kutwa kwa habari ya uongo, hakuwa tayari kufurahi kwa nyingine.

"Kama wewe ni mtoto wangu," akasema, "taja babu zako."

Sauti ikaanza kutaja, baba wa baba, na baba yake, mmoja baada ya mwingine, kama anavyofundishwa kila mtoto wetu. Mama alisikiliza macho yamefungwa, midomo yake ikifuata. Kwenye jina la saba alinipa simu, akanizaba kofi moja mbele ya wote, mimi mama wa watoto wawili, kisha akakaa chini akaomba chai.

Niliweka simu kwenye shavu lililokuwa linawaka. Ndugu yangu alikuwa amefika babu wa tisa, bado anaendelea, maana hakuna aliyemwambia aache.