Chumba cha Dereva Sakafuni Kwetu

Juzi, huko Kalemie, niliruhusiwa kupanda ndani ya kichwa cha treni. Kiti cha dereva kiko palepale dirishani, freni ya kusimamishia treni karibu na mkono, na harufu ya mafuta ya mazutu ikanirudisha kwetu Songo.

Alasiri moja ya vita, nikiwa msichana mdogo, Papa, baba yangu aliyewahi kuendesha treni, alinichorea chumba cha dereva sakafuni kwa kaa la jikoni: freni, honi, mshale wa mafuta. Risasi zilikuwa zikilia mlimani. Kiti changu alikichora konani, mbali na dirisha la nyumba.

“Papa, weye umekosea. Nitaonaje njia?”

“Treni iko na reli, mama. Njia inaijua yenyewe. Kaa chini, piga honi.”

Nikapiga honi kwa mdomo mpaka risasi zikanyamaza, huku nikimhurumia Papa: ameacha kazi mwaka mmoja tu, tayari amesahau dereva anakaa wapi.