Leseni Imekuja, Sauti Imekwenda

Jua halijachomoza vizuri. Mwanamke wa makamo anapanda ngazi za mbao hadi chumba kilicho juu ya mashine ya kusaga nafaka. Anavua viatu mlangoni, anashusha blanketi zito dirishani ili mngurumo wa mashine usimwingilie, kisha anaketi na kukivuta kipaza sauti karibu na mdomo.

Anawasalimu wasikilizaji kwa Kiswahili. Anawasalimu tena kwa lugha ya wakulima wa bondeni. Halafu anawasalimu kwa lugha ya wafugaji wa ng'ambo ya mto. Anatoka lugha moja na kuingia nyingine kama mtu anayehama chumba ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kisha anamtazama fundi mitambo, mwanamume mrefu mwembamba ambaye watu wote wanamwita Waya, na kutikisa kichwa. Waya anabonyeza kitufe. Kwa nusu saa nzima redio inapiga muziki wa ala tupu.

“Hii ni nusu saa ya watu wa mlimani,” mwanamke anasema. “Leseni tunayo. Msemaji ndiye hatuna.”

Mji mzima unamjua kwa jina la Mama Kipaza. Alilipata sokoni, alikofanya kazi miaka mingi akitangaza kwa kipaza sauti cha betri: mtoto aliyepotea, funguo zilizookotwa, lori linaloziba njia. Soko lile linakutanisha watu wa lugha nne, na mtoto aliyepotea hangoji mama yake ajifunze Kiswahili. Kwa hiyo Mama Kipaza alijifunza yeye. Lugha tatu zilimkaa ulimini. Ya nne, ya watu wa mlimani, aliishia kuielewa tu.

Hiyo ya nne ilikuwa lugha ya marehemu mume wake.

“Nilipoolewa nilijaribu kuisema, wifi zangu wakacheka mpaka wakashika mbavu,” anakumbuka. “Nikaona aibu, nikanyamaza. Watoto walipozaliwa tukawalea kwa Kiswahili ili shule isiwatese. Mume wangu hakunilaumu. Lakini kuna jioni alikuwa anakaa peke yake nje, anaongea na kaka yake kwenye simu, na mimi namsikia anacheka kicheko ambacho mimi sikuwahi kumchekesha nacho.”

Kaka huyo ndiye aliyekuja kuwa sauti ya redio. Ni mwashi, mtu wa mikono mipana na maneno mengi. Mama Kipaza na Waya walipopata kibali cha majaribio cha miezi michache, walimfuata kwenye jengo alilokuwa akipiga plasta na kumwomba awasaidie habari za watu wa mlimani. Alinawa saruji mikononi na kuwauliza kama redio inalipa kwa siku au kwa mita ya mraba.

Hailipi, wakamwambia. Alikuja hivyo hivyo.

Wanaomkumbuka wanasema hakusoma habari, alizisimulia. Akitangaza mvua, aliwauliza watu wameanua nguo. Akitangaza msiba, alieleza marehemu alikuwa mtoto wa nani na nyumba yake iko upande gani wa njia, mpaka aliyekuwa hajui akajua pa kwenda kuhani. Katikati ya habari nzito aliweza kucheka, na hakuna aliyeona ni utovu wa adabu.

Wiki ile aliyotangaza chanjo ya mifugo, bibi mmoja alishuka kutoka mlimani na mbuzi wake wote. Daktari wa mifugo alishangaa, maana miaka yote tangazo hilo lilibandikwa ukutani na watu wa huko hawakuja. Alipomuuliza bibi nani kamwambia, bibi alijibu kwa kifupi: “Nimeitwa.”

Kibali kiliisha, na redio ikazimwa. Ili irudi ilihitaji leseni kamili, na hapo mambo yakaanza kwenda kwa mwendo wa kinyonga.

Mamlaka ya utangazaji haikuwa na tatizo na Kiswahili. Wasiwasi wake ulikuwa kwenye hizo lugha nyingine. Afisa wa leseni, mtu mpole mwenye tabia ya kufikicha macho akiongea, alifika na kuzungumza na wakazi kwenye ukumbi. Aliwaeleza kwamba kuna mahali redio ndogo iliwahi kutia fitina kati ya majirani kwa lugha ambayo hakuna ofisini aliyeielewa. Kwa hiyo kila lugha ilitakiwa iwe na msemaji aliyefanyiwa usaili, na mtu mwingine wa kuthibitisha kilichosemwa.

Mama Kipaza hakubishana naye. Anasema hoja ilikuwa na kichwa na miguu. Kilichomuumiza ni kungoja. Usaili wa wasemaji wa lugha mbili ulifanyika mapema. Wa lugha ya mlimani uliahirishwa kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuuliza maswali kwa lugha hiyo. Alipopatikana, bodi ya mamlaka ilikuwa imemaliza muda wake na mpya haijateuliwa. Kila alipopiga simu aliambiwa avute subira.

Aliambiwa pia kwamba anaweza kupewa leseni ya lugha tatu mara moja, ikiwa ataiacha ya nne. Alikataa. Hata Waya, ambaye alikuwa anaishi kwa kutengeneza simu mbovu, alimwomba afikirie upya. Alikataa tena.

“Sijui kama nilifanya sawa,” anasema. “Bondeni na ng'ambo ya mto nao walikaa bila redio kwa sababu yangu. Lakini ningewaambia nini watu wa mume wangu? Kwamba wao ni wachache, wasubiri nje?”

Zaidi ya miaka mitatu ikapita hivyo. Mwashi alifanya usaili wake, akafaulu, akaendelea kungoja sahihi kama wengine. Wenzake kazini wanasimulia kwamba alikuwa anafanya mazoezi juu ya jukwaa la ujenzi, mwiko mkononi, akitangaza habari za saruji kuchelewa na kokoto kuadimika. Hawakuelewa hata neno moja, ila walikuwa wanacheka alipocheka.

Waya aliwahi kumwomba wamrekodi, angalau hadithi kidogo za kuanzia siku leseni itakapotoka. Vipindi vya wakati wa majaribio havikuwapo tena. Walikuwa na kadi moja tu ya kumbukumbu na kila siku walirekodi juu ya jana. Mwashi alikataa kuongea na chumba kitupu.

“Nimwambie nani, ukuta?” alimwambia Mama Kipaza. “Ukuta naujua, shemeji. Haujibu.”

Walicheka wote, na hawakumsukuma tena. Kila mmoja alidhani muda upo.

Kiharusi kilimpata kazini, akiwa chini, akichanganya saruji. Wenzake walimbeba hadi hospitali. Aliporudi nyumbani mguu ulikuwa unaburuta na mkono wa kulia umelala. Ulimi haukurudi kabisa. Anaelewa kila kitu, anacheka na kulia mahali panapostahili, lakini maneno yanamkwama, hutoka sauti tu.

Miezi miwili baadaye, leseni ikatoka. Lugha zote nne.

Afisa aliileta mwenyewe, akiwa amefurahi. Alipanda zile ngazi, akapeana mikono na kila mtu, kisha akauliza yuko wapi yule mwashi, maana usaili wake ulikuwa umeichekesha ofisi nzima. Mama Kipaza alimweleza. Anasema afisa alikaa kwenye benchi, akafikicha macho kwa muda mrefu.

“Mama, faili lenu lilikuwa limekamilika tangu mwaka jana,” alisema hatimaye. “Lilikuwa linangoja mtu wa kutia sahihi. Ningeweza kulipigia kelele zaidi.”

“Na mimi ningeweza kumrekodi kwa nguvu,” Mama Kipaza alimjibu. “Tugawane.”

Tangu siku hiyo wametafuta msemaji mwingine. Wanaoijua lugha vizuri ni wazee wasiotaka kushuka mlimani kila siku. Vijana wanaielewa, ila ukiwaambia waiseme wanaona haya. Binti wa Mama Kipaza, ambaye ni muuguzi, alijaribu mara moja. Alifika katikati ya salamu, akasimama, akamwambia mama yake kwamba hakuwahi kufundishwa. Hakusema kwa ubaya, lakini mama yake hakulala vizuri kwa siku kadhaa.

Siku hizi, kila mchana, Mama Kipaza huenda nyumbani kwa shemeji yake. Leo wanakaa kwenye ukumbi mdogo ambao mwashi aliujenga kwa mikono yake, plasta laini kama kioo. Mama Kipaza anasoma habari za hali ya hewa kwa lugha ya mlimani, polepole, neno baada ya neno. Mwashi anasikiliza kichwa kikiwa kimeinama. Kila neno likitoka vibaya, anagonga mkono wa kiti kwa kifundo cha kidole cha kushoto.

“Akigonga, narudia,” anaeleza. “Asipogonga, naendelea. Jana alinigongea neno ‘ukungu’ mpaka mke wake akatoka jikoni kuuliza nani anapiga hodi.”

Mwashi anatabasamu upande mmoja wa uso.

Mama Kipaza anajua hatafika alipofika shemeji yake. Ataweza kutamka mvua na misiba, anasema, lakini kile kicheko cha katikati ya habari hakifundishiki kwa kugonga kiti.

Hata hivyo ameamua, na afisa amemkubalia ashike nafasi mpaka apatikane msemaji wa kufanyiwa usaili. Wiki ijayo ataiondoa ile ala tupu na kuingia hewani mwenyewe, na lafudhi yake ya kigeni, na makosa yake. Simu ya studio itakuwa wazi.

“Watanicheka tu,” anasema, akikunja karatasi yake. “Wacha wanicheke. Atakayepiga simu akanisahihisha vizuri kuliko wote, huyo nitamwomba aje anipokee kiti.”