Boga Lililochemshwa Zima

Mungu anisamehe, nami nilicheka. Sokoni hapa Garissa, mama mmoja mfugaji alimrudishia muuza mboga boga alilolichemsha zima, ndani bado bichi.

“Walaal, ndugu yangu, umeniuzia mbaya. Daktari alisema mtoto akule hii, amekonda. Ameitema.”

“Mama, kwani hukuikata?”

“Yai nikichemsha, naikata?”

Tukaangua kicheko, ingawa swali lake lilikuwa na akili kuliko kicheko chetu. Mama akamvuta kifuani mtoto aliyembeba, akainamisha uso. Hapo muuzaji akapasua boga jingine, akakwangua mbegu kwa kijiko.

“Menya, katakata, chemsha na maji kidogo, halafu ponda. Maziwa ya ngamia iko?”

“Iko, alhamdulillahi.”

Msomaji, jirani akikuuliza chakula chenu hupikwaje, tafadhali ingia naye jikoni.