Siku Gari Lilipoacha Kumjibu Baba

Baba aliendesha magari ya watu maisha yake yote. Alianza na lori la majani chai, akaendelea na basi la shule, na alipostaafu, katikati ya miaka ya tisini, akanunua gari lake mwenyewe: saluni nyeupe iliyotoka Japani ikiwa imeshatumika, yenye harufu ya watu tusiowajua. Wizi wa magari ulikuwa umezidi siku hizo, basi akalipeleka mjini Nyeri likafungwa alamu. Alirudi nyumbani Wamagana na rimoti ndogo nyeusi yenye kitufe kimoja, ikining'inia kwenye ufunguo.

Jioni hiyo alisimama barazani, gari likiwa chini kabisa karibu na lango, akabonyeza. Gari likalia mara mbili, taa zikawaka, na milango ikajifungua loki bila mtu kuigusa. Mama alishika kifua. Jirani yetu, mwanamke mzee aliyekuwa akipita na mzigo wa nyasi, aliutua mzigo akaenda kuchungulia dirishani aone ni nani aliyejificha ndani. Mimi niliyesoma chuo cha ualimu na kujiona najua mambo nilisisimkwa mwili mzima. Hakukuwa na waya. Hakukuwa na kamba. Mtu alikunja kidole juu mlimani na chuma kikaitika bondeni, na mpaka leo, watoto wangu wakinicheka, jambo hilo halijanizoea wala sijalizoea.

Mwaka haukwisha, Baba akapooza upande wa kulia. Alianguka kwenye bomba la maji akinawa uso. Hospitalini walimrudishia ulimi, ingawa maneno yalikuja polepole, lakini mkono na mguu vilibaki vizito. Daktari alisema mambo mawili. Kwanza, mkono usipotumiwa utakauka. Pili, asitembee bila mtu wa kumshika.

Mama alimletea ungo wa maharagwe mabichi ayatoe maganda, mazoezi ya vidole. Baba aliutazama ule ungo kama ametusiwa. Kwetu mwanamume wa rika lake haketi na wanawake kumenya maharagwe, awe mzima awe mgonjwa. Mama akamletea mpira wa soksi aufinye, akauacha uanguke chini. Kisha siku moja akaomba ufunguo wa gari. Tulidhani akili imemruka. Akaushika kwa mkono ule wa kulia, akauegemeza kwenye goti, akaanza kukisukuma kile kitufe kwa kidole gumba kilichokuwa kikitetemeka kama jani. Hakikusogea. Kesho yake alijaribu tena, na keshokutwa. Nilikuwa nyumbani kwa likizo asubuhi ambayo gari lilijibu. Baba alilia bila kuficha uso, nami sikuwahi kumwona akilia hata kwenye mazishi ya mama yake.

Tangu hapo hiyo ikawa kazi yake. Mama alimkalisha barazani na uji kabla ya kwenda kuchuma chai, na yeye akabaki na gari lake, akilibonyezea na lenyewe likimwitikia. Nilirudi Murang'a, nilikokuwa nafundisha, moyo wangu ukiwa mwepesi.

Julai nikapata ujumbe kwamba Mama ananihitaji. Nilifika nikakuta ukungu umekaa juu ya mashamba, Mama yuko jikoni na macho mekundu, na Baba chumbani, ameelekeza uso ukutani.

"Gari ilinyamaza," Mama akaniambia. "Baba yako alibonyeza, alibonyeza, ikakataa. Akasema mkono imekufa. Sasa hataki uji, hataki kutoka kitandani. Ati kuna mtu wa Giakanja anakuja Jumamosi kununua gari. Amemtumia maneno."

Nikaingia chumbani. Baba hakugeuka.

"Maitu," akasema, yaani mama kwa Kikuyu, maana nilipewa jina la mama yake na hakuwahi kuniita vingine. "Usijisumbue. Mkono huu nimeujua miaka sitini. Umekufa."

"Daktari alisema usiposogezwa ndio utakufa, Baba."

"Nimeusogeza. Kwanza gari ilikuwa inanisikia kutoka hapa juu. Halafu ikawa inanisikia kidogo. Halafu ikaacha. Dereva anajua. Ukikanyaga mafuta kidogo, gari inaenda kidogo. Nguvu imeisha kwa kidole."

Hapo ndipo nilipoelewa alivyokuwa akifikiri, na nikashikwa na uchungu. Kwa Baba kitufe kilikuwa pedali. Aliamini kwamba anayebonyeza kwa nguvu ndiye sauti yake hufika mbali, na kwamba gari lilikuwa likipima kidole chake kila asubuhi na kumpa alama. Mimi ni mwalimu, najua mwanafunzi anavyokuwa alama zikishuka kila wiki.

Subira si tabia yangu. Niliuchukua ufunguo, nikatoka barazani, nikabonyeza kwa kidole changu kizima kinachoshika chaki siku nzima. Kimya. Nikabonyeza hadi ukucha ukawa mweupe. Kimya. Nikateremka mpaka kwenye tangi la maji, nikabonyeza. Kimya. Nikateremka mpaka kwenye mparachichi. Kimya. Nilipofika karibu kuigusa boneti, gari likatoa mlio mmoja hafifu na taa zikakonyeza. Nilirudi mbio, viatu vimejaa matope.

"Baba, hata mimi limenikataa. Kasoro iko kwa rimoti, si mkono."

Akatabasamu kwa upande wa uso uliokuwa mzima. "Umebonyeza polepole makusudi. Unanihurumia. Asante."

Nilitamani kumtikisa. Badala yake nilikwenda jikoni, nikachukua kisu chenye ncha, nikafungua skrubu moja ndogo nyuma ya rimoti. Ndani kulikuwa na ubao wa kijani wenye mistari, na betri moja ya mviringo, fupi kuliko kifundo cha kidole changu. Nikasugua ncha zake kwa kanga, maana wakati mwingine ni uchafu tu. Nikairudisha. Kimya.

"Ni betri tu?" Mama akauliza, uso ukichangamka. "Mbona hukusema? Lete."

Kwetu betri ya redio haitupwi siku inayokufa. Huanikwa juu ya bati, au juu ya jiwe, ikanywe jua, na ikishapata joto hukuimbia tena siku kadhaa. Ukitaka zaidi unaing'ata. Julai haina jua Wamagana, kwa hiyo Mama aliilaza ile betri kando ya mafiga, akaigeuzageuza kwa kijiti kama kiazi kitamu. Ilipopata joto tukairudisha, nikabonyeza kutoka kwenye mparachichi, na gari likajibu. Mama akapiga makofi. Kabla sijamzuia alikuwa amekwenda kumketisha Baba kitandani na kufungua dirisha linalotazama lango.

"Baba watoto, sasa imepona. Bonyeza uone."

Baba alibonyeza. Akabonyeza tena, akisaidia kidole kimoja kwa kingine. Gari lilikaa kwenye ukungu bila hata kupepesa taa. Akaiweka rimoti juu ya blanketi taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima, akalala na kuugeukia ukuta. Mama alisimama pale, mikono imefunikwa na kanga. Sijui kama nimewahi kuona mtu mwenye nia njema akiumia vile.

Kesho yake, Ijumaa, nilikuwa mjini Nyeri mapema. Duka la vipuri walinicheka. Duka la redio walikuwa na betri za kila ukubwa isipokuwa huo. Mwishowe nilielekezwa kwa mpiga picha mmoja aliyekuwa na studio juu ya ngazi, mwanamume mwenye maneno mengi na kabati la vioo lililojaa mikanda ya filamu. Nilimpa ile betri iliyofungwa kwenye leso. Akavaa miwani yake, akasoma maandishi, akainua nyusi.

"Hii imepikwa?"

"Imeota moto kidogo," nikasema.

"Unajua hii iko na volti ngapi, mwalimu? Kumi na mbili. Kama ile ya gari yenyewe."

Nilimwambia aache mzaha. Betri ya gari la Baba niliwahi kujaribu kuibeba, nikaishia kuiburuta kwa mikono miwili. Hii ningeweza kuimeza kama dawa. Akatoa mpya kutoka kwenye droo, akaigusisha vijiti vya kipimo chake, na mshale ukaruka mpaka kwenye kumi na mbili. Akagusisha ya zamani, mshale ukajikokota na kusimama njiani. Niliishika ile mpya kiganjani. Kilikuwa kitu kidogo mno kubeba jambo kubwa kiasi hicho.

"Na hizi hazifi mara moja," akaendelea huku akinifungia. "Zinapunguza sauti. Leo unafungua gari ukiwa kwa duka, wiki ijayo lazima ushuke kwa barabara, halafu unasimama karibu na mlango. Wenye gari hawajui kitu imeharibika. Wanasogea tu, wanasogea tu, mpaka siku ile ya mwisho."

Nilikuwa nimeanza kuteremka ngazi maneno hayo yaliponishika miguu. Nilisimama katikati, nikiwazuia watu njia. Wanasogea tu. Baba alisema kwanza gari lilimsikia kutoka juu, halafu likamsikia kidogo. Lilimsikia kidogo kutoka wapi?

Nilipofika nyumbani sikuingia kwanza. Nilimtafuta Mama penye zizi la ng'ombe.

"Siku za mwisho kabla ya gari kunyamaza, Baba alikuwa akiketi wapi?"

"Kwa baraza," akasema. Kisha akafikiri. "Hapana. Baadaye nilikuwa nikirudi kutoka kwa chai, namkuta kwa tangi. Halafu akaanza kupenda ile jiwe iko chini ya mparachichi. Siku ya mwisho alikuwa kwa lango kabisa, ameegemea gari."

"Nani alikuwa anamshika?"

"Si jirani? Nilijua ni yeye anamsaidia akipita."

Jirani alikuwa ng'ambo ya ua akikata majani ya ng'ombe. Nikamwita, nikamuuliza. Akasema yeye hajawahi kumshika mzee, alidhani Mama ndiye anayempeleka kabla ya kwenda shambani. Wanawake wawili wakatazamana juu ya ua.

Nikarudi kwenye njia ya kuteremkia langoni. Mvua ya wiki zile ilikuwa ndogo, na udongo mwekundu ulikuwa umeshika kila kitu kilichoukanyaga. Pembeni mwa njia, kuanzia kwenye ngazi ya baraza, kulikuwa na vishimo vya mviringo, vya ukubwa wa ncha ya bakora ya Baba. Vilipita tangi la maji. Vilipita mparachichi. Kando ya kila kishimo palikuwa na nyayo za mtu mmoja, ule wa kulia umeburutwa kidogo. Ukiacha zangu za jana katikati ya njia, nilitafuta nyayo za mtu wa pili, nikatafuta mpaka kwenye lango, nikarudi nikitafuta. Hazikuwapo. Mwili wangu ulisisimka kuliko jioni ile ya kwanza gari lilipoitika, na nikajikuta nimechuchumaa kwenye matope, nimeweka vidole vyangu ndani ya kishimo kimoja, namwambia Mungu asante kwa sauti.

Mteremko ule ni mkali. Mimi mwenyewe huushuka nikishika ua.

Tuliingia chumbani pamoja, mimi na Mama. Nilikuwa nimeshaitia rimoti betri mpya, na mara hii sikuwa na haraka.

"Baba, siku gari liliponyamaza, ulikuwa umesimama wapi?"

"Kwa lango," akauambia ukuta. "Hata hapo karibu ilikataa. Ndio nikajua."

"Ulifikaje langoni?"

Niliona bega lake likitulia, kama la mtu anayetafuta kitu kichwani na hajui amekiweka wapi. Siku zote zile macho yake yalikuwa kwenye kidole gumba. Hakuwa ameangalia pengine.

"Nilitaka inisikie," akasema mwishowe. "Nikasogea."

"Nani alikushika?"

Akageuka kutoka ukutani, polepole, akanitazama mimi, kisha Mama. Mama akatikisa kichwa. Nikamwekea rimoti kwenye kiganja cha kulia. Dirisha lilikuwa wazi. Akabonyeza akiwa amelala vile vile, bila kujikaza, na kule chini langoni gari likalia mara mbili kwa sauti ya juu, taa zikaangaza ukungu wote ulioko mbele yake. Mama alianza kulia.

Baba hakuutazama mkono. Hakulitazama gari pia. Alilivuta blanketi likaanguka upande mmoja, akaitazama miguu yake kwa muda mrefu, mmoja halafu mwingine, kama mtu anayewatazama wageni waliomfikia nyumbani bila kupiga hodi.

Kisha akauliza viatu vyake viko wapi.