Vidonda Vidogo vya Fundi Sofa

Fundi sofa wa mtaa wetu tulimwita Springi, maana hata mgongo ukimuuma hakutulia mahali pamoja. Alipoanza kurudisha sahani ya chakula kama alivyopewa, mkewe alimkokota mpaka hospitali. Vipimo vikaonyesha saratani ya tumbo.

Daktari, mama mmoja mpole, alimweleza kwamba angefanyiwa upasuaji kwa roboti, kupitia matundu madogo tu.

"Sasa hiyo roboti ndiyo itakayonikata?" Springi akauliza.

"Nitakukata mimi. Nitakaa pembeni, niiongoze mikono yake."

"Haya. Usije ukapiga chafya tu."

Hata mkewe alicheka.

Aliambiwa kazi hiyo ingechukua karibu siku nzima. Lakini alipozinduka, jua la asubuhi lilikuwa bado dirishani. Alijipapasa tumboni, akakuta plasta chache. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kufumua na kushona. Alijua kazi kama hiyo haiishi upesi hivyo.

Daktari alivuta kiti. "Tulipoingiza kamera tulikuta imeshasambaa tumboni kote. Kukata kungekutesa bure. Tutakupa dawa za kuipunguza kasi."

"Kwa hiyo mmenifunga nilivyokuwa."

"Ndiyo, baba. Pole sana."

Nyumbani, dada yake mdogo hakujua hayo. Kila mgeni alipoingia, alimtaka kaka yake ainue shati. "Mmeona? Utafikiri ameumwa na mbu." Springi aliinua shati, akatabasamu. Mkewe aliingia jikoni, akafungulia bomba ili asisikike akilia.

"Mwambie dada yako," alimsihi walipobaki wawili.

"Mwache afurahi kidogo."

Akarudi karakana. Wateja walipomwona amesimama wima, walimletea makochi yao yaliyobonyea, naye hakumkatalia mtu. Siku moja dada yake alimkuta ameketi sakafuni, anahema, kitambaa kimemshinda kuvuta.

"Kaka, umeshapona. Acha kujidekeza."

"Hawakutoa kitu, mdogo wangu."

"Hawakutoa nini?"

"Ugonjwa. Walichungulia, wakafunga. Umo humu humu."

Dada alibaki ameshika mlango. Kisha akavua viatu, akapiga magoti, akavuta kitambaa kwa mikono miwili huku kaka yake akigongea misumari. Walifanya hivyo mpaka kochi likaisha. Alipomshika kwapani ili ainuke, ndipo alipohisi jinsi kaka yake alivyokuwa mwepesi.

Springi alifariki mwezi uliofuata. Msibani watu waliulizana imekuwaje, mbona vidonda vyake vilikuwa vimepona vizuri vile. Mkewe hakuwa na nguvu za kueleza. Dada yake ndiye aliyewajibu, mmoja baada ya mwingine, mpaka sauti ikamkauka.