Mama na Hisa za Mafuta

Yule kijana alikuja kwenye chama cha kina mama, sebuleni kwetu Hounslow, London, suti imemkaa vizuri na kichupa cha mafuta meusi mkononi. Akaanza kwa sala. Kisha akakizungusha kichupa, kila mama akanusa, na wote wakasadiki kwamba huko kwetu kisima kimeshachimbwa na hisa zinakaribia kwisha. Mimi niliguna. Mama akanikata jicho. Huyu ni mtoto wa rafiki yangu, akasema, nimembeba mgongoni.

Mama husafisha vyoo uwanja wa ndege. Aliuza kiwanja chake cha nyumbani, pale alipotaka kujenga na kuzeekea, akanunua hisa. Kisima hakikuwepo, na kampuni ilikuwa jina tu.

Kijana aliposhtakiwa, tuliambiwa wazi kwamba akitiwa hatiani huenda korti ikaamuru nyumba zake ziuzwe tulipwe. Wenzake Mama wakakataa kutoa ushahidi, eti mambo yetu hayapelekwi kwa wazungu. Wakanichefua kweli. Akabaki Mama peke yake, na swali la kuulizwa kortini lilikuwa moja: alikwambia kisima kipo? Tulilifanyia mazoezi jikoni mpaka nikalichukia.

Siku ya kesi, mama yake kijana alikuwa ameketi nyuma, leso mabegani. Mwanawe alikuwa amemleta kutoka nyumbani makusudi, mjanja yule, kwa kuwa kwetu humwaibishi mtoto wa mtu mbele ya mamake.

Mama akaapa, akaulizwa. Alimtazama rafiki yake, na rafiki yake akainamisha kichwa.

"Sikumbuki," Mama akasema. Mkalimani akamtafsiria jaji. Wakamuuliza tena.

"Mimi ni mzee. Sikumbuki."

Kijana akaachiliwa. Nilikuwa na hasira hata vifungo vya koti vikanishinda. Nje, mvuani, wale kina mama wawili walikumbatiana wakalia, wakaulizana nani anaumwa na nani amefariki. Kijana alisimama kando, macho kwenye simu, akimwitia mamake teksi.

Sisi tulipanda basi. Baada ya vituo kadhaa nikashindwa kujizuia.

"Sasa Mama, nyumbani utarudi vipi?"

"Nitarudi," akasema, akitazama nje. "Chama kitanichangia."

Na chama chetu humchangia nauli ya kurudi mtu aliyekufa tu.