Zebaki ya Mama Tope

Mama Tope hakuzaliwa na jina hilo; alilipata kazini, na analivaa kwa raha zake. Kazi yake ni kuteka tope la ufukweni bahari ikishakupwa, kulitia kwenye chupa na kulipeleka maabara likapimwe zebaki. Ukimcheka kwa magoti yake meusi, atakuuliza kama kwenu mmejenga juu ya mawingu.

Basi wiki ile majibu yakatoka mabaya. Zebaki tele, tena palepale anapookota chaza shangazi yake, aliyemlea. Mkuu wa maabara akasema ufukwe utafungwa. Mama Tope alikwenda kumpasha shangazi habari kwa moyo mzito, maana chaza hao ndio waliomsomesha.

"Nimewala tangu sijaota meno," shangazi akafoka. "Sasa meno yananing'oka, ndiyo waanze kuniua?"

Kesho yake mkuu akamwita, kakunja uso. "Hata ile chupa ya maji safi unayobeba ya kulinganishia ina zebaki. Maji hayo hayajagusa tope. Yamegusa nini?"

Mama Tope akaitazama mikono yake. Glavu zilimshinda zamani; zinamtoa jasho, basi huzivua. Na kwa mikono hiyohiyo kila asubuhi hujipaka krimu ya kung'arisha uso, ile ya kichupa kisicho na maandishi, ambayo amemwapia mumewe kuwa ni mafuta ya nazi tu. Angeweza kunyamaza. Lakini shangazi angeishi vipi?

"Ni mimi, bosi. Krimu yangu ya uso; hizo husemwa hutiwa zebaki."

Dereva wa maabara, aliyekuwa mlangoni, akaangua kicheko, mkuu akafuata, na mwenyewe akacheka huku machozi ya aibu yakimtoka.

Walirudi ufukweni kuteka upya. Safari hii aliteka dereva, glavu mpaka kwenye viwiko. Tope likapimwa, likaonekana salama. Mama Tope hakungoja hata kunawa miguu; alimkimbilia shangazi akipiga vigelegele tangu njiani, akamweleza yote bila kuficha, krimu na kiapo chake. Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akamshika shavu, akaacha kucheka.

"Mwanangu, tope wamelipima mara mbili," akasema. "Wewe watakupima lini?"